Chunjua sugu ya unyayo: jinsi ya kuitambua na kuitibu bila wembe

Mtu mwenye chunjua ya unyayo namtambua kabla hajafungua mdomo. Anaingia dukani akikanyagia ubavu wa mguu, anavua kandambili bila kuombwa, anainua unyayo na kuanza: “Dokta, nimeikata na wembe mara tatu, kila nikikata inarudi. Mzizi umebaki ndani.” Mimi si daktari. Ni mtoa dawa tu katika duka la dawa muhimu hapa Tanga, ila wateja wametubandika jina hilo na tumechoka kukanusha.

Jibu langu huwa lile lile: mzizi haupo. Ukilikubali hilo moja, wembe utaurudisha kwenye pakiti mwenyewe, na hatua zote zitakazofuata zitakuingia akilini.

Chunjua (wengine husema sunzua, wengine masundosundo) huletwa na kirusi cha ukoo wa HPV. Ukoo huo una aina zaidi ya 200, na zinazopenda nyayo ni chache, hasa namba 1, 2, 4, 27 na 57. Kirusi hupenya kwenye mpasuko mdogo wa ngozi, hata ule usiouona kwa macho, kikakaa katika tabaka la juu na kuifanya ngozi iote kwa fujo. Hakishuki kwenye nyama, hakifiki kwenye mfupa, hakizunguki na damu. Chunjua ya mkononi hutokeza nje kwa kuwa hakuna kinachoizuia. Ya unyayo hubebeshwa mwili mzima kila unapopiga hatua, basi husukumwa ndani na kufunikwa na ngozi ngumu juu. Ndiyo maana ukikanyaga unahisi kama kuna kokoto kiatuni, na ukitazama unaona kama msumari uliozama. Vile vidoa vyeusi ambavyo watu huviita mizizi ni mishipa midogo ya damu iliyopanda ndani ya chunjua, damu ikagandia humo.

Sasa wembe unafanya nini? Unakata ngozi ngumu, unafika kwenye vile vimishipa, damu inachuruzika, maumivu yanakusimamisha njiani. Kirusi kilichobaki ukingoni kimefunguliwa milango mipya, na baada ya miezi michache chunjua moja imezaa tatu. Ongeza hatari ya pepopunda, na ya homa ya ini au VVU ikiwa wembe huo umepita kwa mtu mwingine. Vyote hivyo kwa ajili ya mzizi ambao haukuwepo.

Niseme pia kuhusu jina HPV, maana limeshatia watu majaribuni. Mama mmoja alisubiri wateja wote watoke, ndipo akaninong'oneza: chunjua ya kisigino cha mumewe, ina maana ametoka nje ya ndoa? Alikuwa amesikia HPV kwenye tangazo la saratani ya mlango wa kizazi. Nilimwambia hapana. Aina zinazoshambulia nyayo si zile za sehemu za siri, na mtu huziokota sakafuni, si kitandani. Kwa hesabu hiyo hiyo, chanjo ya HPV ambayo wasichana wa Tanzania wamekuwa wakipewa tangu 2018 imelenga aina za kizazi. Mpeleke binti akachanjwe kwa ajili hiyo, lakini usitegemee imponye mguu.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli ni chunjua

Usiharakishe hapa. Wengi wanaoniletea “chunjua sugu” wana kitu kingine kabisa, na dawa ya chunjua haiwezi kuponya kisicho chunjua.

Loweka mguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, ukaushe, kisha kaa penye mwanga mzuri. Kama huwezi kujikunja, piga picha kwa simu au mwombe mtu akutazamie.

Anza na mistari ya ngozi. Unyayo una mistari kama ile ya alama za vidole. Kwenye sugu ya kawaida, yaani ngozi iliyokomaa kwa kubanwa, mistari hiyo hupita juu yake bila kukatika. Kwenye chunjua hufika ukingoni ikapinda pembeni, kama njia ya miguu inayokwepa mbuyu. Halafu tafuta vidoa vyeusi, vidogo kama ncha ya sindano. Mara nyingi huonekana baada ya kusugua kidogo ngozi ngumu ya juu. Visipoonekana usikate tamaa, si kila chunjua inavyo. Mwisho, bana. Ikandamize kwanza kwa kidole gumba kutoka juu, kisha ishike kwa vidole viwili na kuibana kutoka ubavuni. Sugu huuma zaidi ukiikandamiza, chunjua huuma zaidi ukiibana. Kipimo hiki ndicho ninachokiamini kuliko vingine, kwa sababu mtu huruka kwenye kiti kabla sijamuuliza kama inauma.

Wakati mwingine utakuta chunjua ndogo ndogo zimebanana na kufanya kiraka kimoja kipana, kama sakafu ya vigae. Haziumi sana, lakini ndizo kaidi kuliko zote. Ukiwa na za namna hiyo, hesabu miezi.

Vitu vinavyoigiza chunjua ni hivi. Sugu, hasa ile yenye kiini kigumu katikati, ambayo huota pale kiatu kinapobana au mfupa unapokandamiza. Dawa yake kubwa ni kubadili kiatu. Mwiba au kipande cha chupa kilichobaki ndani, ambacho mara nyingi unaikumbuka siku kilipoingia. Na funza. Mji ukiwa na vumbi na mifugo, usimsahau funza: doa jeusi katikati ya duara jeupe, linawasha, limevimba kwa siku chache tu, mara nyingi kando ya kucha au kisiginoni. Chunjua haina haraka hiyo. Kuanzia kirusi kuingia hadi chunjua kuonekana, miezi hupita.

Kuna kimoja cha kuogopa. Saratani ya ngozi iitwayo melanoma, kwa sisi wenye ngozi nyeusi, hupenda kuota mahali ambapo jua halifiki: nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley ndiye mfano ambao kila mtu anamjua. Mwaka 1977 aligundulika nayo chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, mahali palipodhaniwa kuwa na jeraha la mpira, na tarehe 11 Mei 1981 alifariki akiwa na miaka 36. Kwa hiyo doa jeusi au la kahawia linalopanuka, lenye kingo zilizochongoka au rangi mbili tatu, au uvimbe unaotoka damu wenyewe, au kidonda cha unyayo kisichofunga, usiupake kitu. Nenda hospitali wakachukue kinyama cha kupima. Na “chunjua” ya mtu mzima iliyokaa miaka ikizidi kukua licha ya dawa, nayo ipimwe hivyo hivyo.

Hatua ya pili: jiulize kama wewe ni wa kujitibu nyumbani

Mwenye kisukari, hapana. Nalisema hili hata mtu akikasirika, na wapo wanaokasirika kwa kuwa wamekuja na hela mkononi. Kisukari hupunguza hisia za miguu, na dawa ya chunjua ni asidi. Asidi ikimchoma asiyehisi, atagundua asubuhi shuka likiwa limegandana na kidonda, na kidonda cha mguu wenye kisukari ndicho kinachowafikisha watu kukatwa mguu. Sheria hiyo inamhusu pia aliyewahi kuugua ukoma akabaki na ganzi, na mwenye mishipa ya miguu isiyopitisha damu vizuri. Kliniki yao ndiyo iwashauri.

Mtoto mdogo na mjamzito waulize kwanza kwa mhudumu wa afya. Anayedhurika na aspirini aseme, maana dawa nitakayoitaja ni ya ukoo mmoja na aspirini. Na mtu mzima aliyeotwa na chunjua nyingi kwa ghafla, mikononi na miguuni, zisizosikia dawa yoyote, namshauri apime VVU. Kinga ikishuka, kirusi hiki hupata uhuru.

Hatua ya tatu: amua kama inahitaji dawa

Kwa mtoto wa shule ambaye haumwi na anacheza mpira kama kawaida, kungoja ni tiba halali. Kiasi cha theluthi mbili ya chunjua za watoto huisha zenyewe ndani ya miaka miwili: kinga ya mwili huishi bila kuitambua kwa sababu imejificha kwenye ngozi ya juu, mbali na damu, kisha siku moja huitambua na kuifuta. Nimeona mtu aliyekaa nazo miaka minne, zikaondoka zote ndani ya mwezi bila kupaka kitu. Bahati mbaya kwa watu wazima mambo huenda polepole zaidi.

Tibu ikiwa inauma, inaongezeka, au imefika mahali inabadili mwendo wako. Mtu anayechechemea kwa miezi huishia na maumivu ya goti na kiuno.

Hatua ya nne: nunua dawa inayofaa

Dawa unayoitafuta ni asidi ya salisiliki. Kazi yake ni kulainisha na kumomonyoa ngozi iliyoshikwa na kirusi, tabaka baada ya tabaka, na ule mwasho mdogo inaoleta huishtua kinga ya mwili ije kutazama kinachoendelea.

Tatizo ni nguvu yake. Mtu huniambia amepaka asidi ya salisiliki miezi miwili bila nafuu. Nikimwomba alete kopo, analeta mafuta ya Whitfield. Yale ni dawa nzuri ya fangasi, lakini yana asidi ya salisiliki asilimia 3 tu (na ya benzoiki asilimia 6). Ukiyapaka kwenye unyayo wenye ngozi nene kama soli, ni kama kumwagia simiti maji ya ndimu. Kwa chunjua ya unyayo tafuta mojawapo ya hizi:

- dawa ya maji yenye asilimia 16.7 ya asidi ya salisiliki pamoja na kiasi hicho hicho cha asidi ya laktiki, ambayo ukipaka hukauka na kuwa utando kama rangi ya kucha;
- plasta yenye asilimia 40, unayoikata kwa mkasi kulingana na ukubwa wa chunjua;
- mafuta ya asilimia 50 au zaidi, ambayo nashauri yatumike chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya.

Duka dogo kama letu huenda lisiwe nazo. Uliza famasi kubwa za mjini. Baadhi huweza kukuchanganyia. Soma asilimia kwenye lebo kabla ya kulipa. Na ile ya maji hushika moto upesi kama petroli, kwa hiyo usiipake karibu na koroboi, jiko la mkaa au mtu anayevuta sigara.

Hatua ya tano: kila usiku, kwa wiki kumi na mbili

Hapa ndipo vita hushindwa. Dawa hufanya kazi kwa kurudiwa, na watu hupaka siku tano, husahau tatu, hukata tamaa wiki ya tatu.

Jioni baada ya kuoga ndiyo saa nzuri. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano hadi kumi. Ukaushe. Chukua jiwe la kusugulia miguu, kipande cha msasa laini au tupa ya kucha, usugue juu ya chunjua mpaka ile ngozi nyeupe iliyokufa itoke. Simama unapohisi maumivu au kuona rangi ya waridi, kabla ya damu. Kusugua huku ndiko kunakofungua njia ya dawa. Anayeruka hatua hii anapaka asidi kwenye ngozi iliyokwisha kufa, ambayo haina kirusi cha kuua. Kifaa hicho ni cha chunjua peke yake. Usikipitishe kwenye kisigino kizima wala kwenye kucha, na usimwazime mtu.

Paka Vaseline kuzunguka chunjua, kwenye ngozi nzima, kama mtu anayejenga ukingo wa jaruba. Kisha weka dawa juu ya chunjua yenyewe kwa kijiti cha kusafishia meno au kile kibrashi cha kwenye chupa. Tone moja dogo linatosha. Acha likauke dakika chache. Funika kwa plasta, vaa soksi safi, lala. Asubuhi toa plasta. Usiku tena, yale yale. Ukitumia plasta ya dawa ya asilimia 40, iache kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, mara nyingi siku moja au mbili, kisha sugua na kubadili.

Ngozi ya pale itakuwa nyeupe na laini kama ya mtu aliyefua siku nzima. Hiyo ni dalili njema. Kuwasha kidogo ni kawaida. Ikiwa nyekundu na kuuma hata bila kukanyaga, pumzika siku mbili tatu mpaka itulie, halafu endelea. Kinachoruhusiwa ni kupumzika, kuacha hapana. Ukiona usaha, uvimbe au joto linalopanda mguuni, hapo acha kabisa na nenda kituo cha afya.

Piga picha kila Jumapili ukiweka sarafu ile ile pembeni. Mabadiliko ni madogo mno kuonekana siku hadi siku, na picha ya wiki ya kwanza ukiiweka karibu na ya wiki ya saba ndiyo inayomzuia mtu asitupe chupa.

Utajuaje imekwisha? Watu husimama maumivu yanapoisha, na hapo ndipo “inarudi”. Haikuwa imeondoka. Rudia vipimo vya hatua ya kwanza: mistari ya ngozi iwe imerudi ikapita mahali pale bila kukatika, vidoa vyeusi visiwepo, na ukibana isiume. Mpaka hapo endelea kupaka.

Sitakudanganya kuhusu uwezekano. Mwaka 2011 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilitoa matokeo ya jaribio la watu 240 wenye chunjua za nyayo. Nusu walijipaka nyumbani asidi ya salisiliki ya asilimia 50, nusu chunjua zao ziligandishwa na wahudumu kwa naitrojeni, kimiminika chenye baridi kali. Baada ya wiki 12, waliopona kabisa walikuwa kama asilimia 14 tu katika kila kundi. Baada ya miezi sita walifika kiasi cha theluthi moja, pande zote mbili. Mimi nasoma mambo mawili hapo. Kwanza, anayekuuzia dawa ya “siku saba” anakuibia. Pili, ile mashine ya hospitali inayoonekana ya maajabu haikuishinda chupa ya nyumbani, basi usiuze mbuzi kuifuata kabla hujaijaribu chupa kwa uaminifu.

Vitu ambavyo watu hupaka

Utomvu wa papai bichi, kitunguu saumu kilichopondwa, utomvu wa mnyaa, mafuta ya ganda la korosho, maji ya betri. Vyote nimeviona, au nimeona vidonda vyake.

Hoja ya wanaovitumia si ya kijinga: vinaunguza, na asidi ya dukani nayo inaunguza. Tofauti ni kipimo. Maji ya betri hayajui ngozi ya juu na nyama ya chini, yanapita. Mafuta ya ganda la korosho wabanguaji wanayajua yanavyobabua vidole. Utomvu wa mnyaa ni hatari zaidi kwa kuwa mkono uliopaka mguu ndio utakaofuta jasho usoni, na ukifika jichoni unaweza kukuharibia uoni. Kusaga vidonge vya aspirini na kuvifunga kwenye chunjua ni kubahatisha tu. Aspirini ni ndugu wa asidi ya salisiliki, sio yeye mwenyewe, na hakuna anayejua umeweka kiasi gani.

Gundi ya mkanda, ile pana ya kijivu ya mafundi, ina hadithi yake. Utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 2002 uliipa sifa kubwa, dunia nzima ikafunga miguu mikanda. Tafiti zilizofuata, ukiwamo wa watoto wa Uholanzi wa mwaka 2006, hazikuona faida ya maana. Haina madhara makubwa, na ukiitumia kufunikia dawa badala ya plasta hubanduka kwa shida zaidi kuliko plasta, jambo ambalo kwa mtu anayetembea sana ni faida. Tiba peke yake siihesabu.

Ikigoma baada ya wiki kumi na mbili

Hapo muone mtaalamu wa ngozi, na umwambie ulichotumia, asilimia zake, na kwa muda gani. Ukienda na zile picha utamrahisishia kazi. Madaktari wa ngozi ni wachache, lakini kuna maofisa tabibu wa magonjwa ya ngozi katika hospitali nyingi za mikoa, wengi wao wakiwa wamepita kituo cha mafunzo cha hospitali ya KCMC, Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya kanda nzima hii ya Afrika.

Anaweza kukugandisha kwa naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Inauma, malengelenge hujitokeza, na hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Huweza kuacha baka jeupe kwenye ngozi nyeusi. Kwenye unyayo halionekani sana, lakini mkononi au juu ya mguu ulizia kabla. Anaweza kukutoboatoboa chunjua kwa sindano baada ya ganzi, kusudi kirusi kikutane na damu na kinga ikitambue. Kuna sindano za bleomisini (dawa ya saratani) ndani ya chunjua kwa zile zilizoshindikana, na kuna wanaodunga chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela ndani yake kwa nia ile ile ya kuamsha kinga. Mjamzito asidungwe bleomisini, wala hiyo chanjo.

Akipendekeza kukata kwa upasuaji, uliza mara mbili. Chunjua huweza kurudi ukingoni mwa kidonda, na kovu la unyayo ukilikanyagia litakuuma miaka yote. Chunjua angalau siku moja huondoka.

Wakati unajitibu, usiigawe

Kirusi hiki hupenda sakafu yenye maji na mguu ulioloa. Bafu la kupokezana kwenye nyumba ya kupanga, bafu la bweni, pembeni mwa bwawa la kuogelea, mahali pa kutawadhia msikitini: vaa ndala zako, na ziwe zako kweli. Ile desturi ya kuacha jozi moja mlangoni kwa ajili ya kila anayeenda chooni ndiyo inayoambukiza nyumba nzima, pamoja na fangasi juu yake. Taulo la miguu liwe lako. Usiichokonoe kwa kucha ukitazama runinga, maana itahamia kidoleni. Kausha miguu vizuri, na ukivaa yeboyebo au buti za mpira kutwa nzima, ipe miguu hewa jioni. Mtoto asizuiwe shule wala mpira. Funika kwa plasta, avae viatu, aende.

Chunjua ikishaondoka, lile jiwe au tupa uliyokuwa ukisugulia itupe siku hiyo hiyo, maana mdogo wako ataikuta bafuni na kusugulia kisigino.